Tunduma, Mji wa Saa Mbili

Ukishuka kwenye basi mjini Tunduma saa sita kamili za mchana, usiiamini saa iliyo mkononi mwako mpaka ujue kwanza unaelekea wapi. Ukibaki upande huu wa mpaka, ni saa sita. Ukitembea hatua chache na kuingia Nakonde, katika nchi ya Zambia, jua ni lile lile, vumbi ni lile lile, na hata Kinyamwanga kinachosemwa sokoni ni kile kile. Lakini saa ni tano. Sisi tunahesabu saa tatu mbele ya majira ya Greenwich, na jirani zetu wanahesabu saa mbili. Mpaka ambao Waingereza na Wajerumani walipatana juu yake mwaka 1890, wakiwa huko kwao Ulaya, uliwagawa Wanyamwanga pande mbili, na hatimaye ukaigawa hata adhuhuri yao.

Tena sisi tumezoea kuusoma uso wa saa kinyume. Mshale mfupi ukielekea kwenye saba twasema ni saa moja. Ukielekea kwenye mbili twasema ni saa nane. Wala hakuna mtoto wa shule anayebabaika. Ng'ambo hutaja namba ile ile iliyoandikwa. Basi dereva wa lori akiambiwa huko Nakonde kwamba ofisi fulani itafunguliwa kwenye nane ya asubuhi, inampasa ageuze mara mbili kichwani mwake ndipo ajue kwamba kwa hesabu ya nyumbani kwake ni saa tatu. Nimewaona madereva wakifanya hesabu hiyo kwa vidole, wameegemea magurudumu, chai mkononi.

Nilifika Tunduma nikitokea Mbeya, mwendo wa kilometa mia moja na kidogo, nikapita Mbalizi, Mlowo na Vwawa. Vwawa ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 ulipogawanywa Mkoa wa Mbeya. Njia nzima ni nchi ya baridi ya asubuhi, mahindi, na kahawa ya Mbozi ambayo wenyeji wanaisifu kuliko wanavyoinywa. Kisha barabara inashuka katika msururu wa malori yaliyobeba shaba kutoka Zambia na Kongo, na mengine yanayopeleka mafuta na bidhaa huko. Reli ya TAZARA nayo inapita hapa, ile yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Tangu mwaka 2019 pana kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa na Marais wa nchi zote mbili, hata msafiri akaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Saa peke yake ndiyo haikuunganishwa.

Nilikuwa nimetumwa kuandika habari za mji wa mpakani, na nilikuwa nimevaa saa ya marehemu baba. Baba aliendesha lori katika barabara hii miaka ya sabini. Aliinunua saa hiyo Kitwe, kutoka kwa mchimba madini aliyekuwa na shida ya fedha. Ilikuwa Omega Seamaster, nayo ilikuwa tayari mtu mzima siku aliyoinunua. Alikuwa akiirudisha nyuma saa moja kila alipovuka Tunduma kwenda, na kuipeleka mbele kila aliporudi. Alipenda kusema kwamba katika maisha yake amepewa na kunyang'anywa saa nyingi kuliko mfungwa. Baada ya kufa kwake saa ikaja kwangu, nami nilipotaka kuirudisha nyuma siku ile mpakani, kile kichwa cha kutilia ufunguo kikakataa kuvutika. Nikauliza fundi saa yuko wapi. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyekaa pembeni, nyuma ya wabadilisha fedha.

Hapana budi niwataje wabadilisha fedha hawa, kwa maana wao ndio walionifungua macho kabla ya fundi mwenyewe. Wanakaa na mabunda ya shilingi na ya kwacha. Mwaka 2013 Zambia iliondoa sufuri tatu katika fedha yake, noti za zamani zikafa, na tangu hapo kijana wa mpakani hapokei noti kabla ya kuitazama uso wake: rangi, maandishi, alama, mwaka. Hufanya hivyo kwa kufumba na kufumbua. Lakini kijana huyo huyo, nilipomwonyesha saa yangu, aliitazama mishale tu, akasema, “Inatembea, kaka. Saa safi.”

Mzee fundi alikuwa na kibanda cha mabati, meza yenye droo nyingi, na saa mbili za ukutani zilizopishana kwa saa moja. Nilimwamkia, akaitikia, akaipokea saa, akakitia kikuzio chake jichoni. Alikaa kimya kwa muda mrefu.

“Mwanangu,” akasema, “mashine ni nzima, inataka mafuta tu. Kasha ni lake. Lakini uso huu si wake.”

Nikamjibu kwamba uso ni wake, ila ulisafishwa. Nikamsimulia jinsi nilivyompelekea fundi mmoja katika mji mwingine, miaka michache baada ya mazishi, saa ikiwa imefifia, ule weupe wake umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na pana doa karibu na namba nne. Fundi yule alinishauri uso ufanywe upya. Baada ya wiki mbili nilirudishiwa saa inayometa kama sahani ya harusi. Nililipa, nikashukuru, nikaongeza na nauli yake.

“Hakuusafisha,” mzee akasema. “Aliukwangua, akapaka rangi, akaandika upya. Au pengine ule wa baba yako aliuweka kando, akakupa mwingine.”

Kisha akanifundisha, naye hakuwa na haraka, kwa sababu ilikuwa saa ambayo Nakonde bado ni asubuhi na Tunduma wamekwisha kwenda kula. Aliniwekea kikuzio jichoni na kuniambia nianze chini kabisa, karibu na namba sita. Katika saa nyingi za Uswisi za zama zile huandikwa maneno madogo sana ya kutaja nchi ilikotengenezwa, na maandishi hayo kiwandani hupigwa kwa kidude laini mfano wa muhuri, hata yanakuwa membamba kama unywele na yenye kingo kali. Yangu yalikuwa manene, yamevimba, mfano wa maandishi yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino juu ya karatasi ya gazeti. Akanipandisha hadi kwenye jina. Katika uso halisi herufi zina nafasi sawa. Katika wangu herufi ya mwisho ilikuwa imesogea, kana kwamba mwandishi aliishiwa na ukurasa. Halafu akanionyesha vile vijiti vya madini vinavyosimama badala ya namba. Vijiti vilikuwa vya asili, vimegandishwa mahali pake. Lakini mistari ya dakika, iliyochorwa upya, haikukutana navyo. Kijiti cha saa mbili kilitazama kushoto kwa mstari wake, na cha saa kumi kilitazama kulia. Mwisho akaufungua uso wenyewe na kunionyesha ukingoni pengo dogo lililochongwa kwa tupa. Alisema baadhi ya wapakaji huweka alama hiyo ili wajue uso ukae vipi wakati wa kupaka.

Msomaji, nilikuwa nimeivaa saa ile miaka mitatu, na kila siku niliitazama labda mara hamsini.

Nilimwuliza mzee kama kupaka upya ni dhambi. Akacheka. Alichukua sinia lake la saa za bei nafuu akanionyesha Seiko 5 za zamani zilizopakwa upya India, nyekundu, kijani, bluu ya bahari, rangi ambazo kiwanda cha Japani hakikupata kuziota. “Hizi nauza,” akasema, “na namwambia mnunuzi ni za kupakwa. Kijana anataka saa ya kwendea disko, apate. Shida ni yule anayeipaka halafu anaiita mzee.”

Wakati tukisema hayo akaja mama mmoja wa makamo, amejifunga khanga, mtoto wake wa kiume yuko nyuma yake. Alifungua fundo la khanga akatoa saa. Ilikuwa nayo Omega Seamaster, ya zamani kuliko yangu, uso wake wa rangi ya kahawia iliyochomwa kama buni iliyokwisha kukaangwa, mkanda umekatika. Alisema ilikuwa ya baba mkwe wake, aliyekwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba huko Zambia tangu enzi za Mwingereza, kama walivyofanya vijana wengi wa nyanda hizi, akarudi na kitanda cha chuma, baiskeli na saa. Kijana anaoa. Mama alitaka saa ifanywe mpya, uso uwe mweusi kama alivyoambiwa ulivyokuwa zamani, ili bwana harusi aivae.

Bado mzee hajajibu, mtu mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, ambaye mimi nilidhani ni mteja, akanyoosha mkono akaichukua. Aliigeuza, akaipiga picha kwa simu yake. “Mama, hii imeungua,” akasema. “Kuitengeneza itakugharimu kuliko kununua mpya. Mimi nitakupa laki moja na nusu, umnunulie kijana saa ya kisasa, na chenji ibaki ya pilau.”

Mama akamtazama mwanawe. Laki moja na nusu si fedha ya kuchezea katika wiki ya harusi.

Nitamwacha mama hapo kidogo, ili nieleze kwa nini mtu yule alipiga picha ya kitu alichokiita kimeungua.

Katika miongo michache iliyopita kumezuka ulimwenguni watu wanaokusanya saa za zamani kama wengine wanavyokusanya stampu za posta. Watu hawa hawanunui saa. Wananunua uso wa saa. Saa mbili zaweza kuwa na kasha moja, mashine moja, mwaka mmoja wa kuzaliwa, na bei zikapishana kama nyumba na kibanda kwa sababu ya mstari mmoja wa rangi. Mfano wake ni Rolex Submariner ya namba 1680, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Kwa miaka michache ya mwanzo neno la jina lake lilichapwa kwa wino mwekundu, kisha likawa jeupe. Zile za wino mwekundu hutafutwa zaidi. Na katika hizo hizo nyekundu wajuzi huangalia tena: je, kina cha maji kimeanza kutajwa kwa meta au kwa futi? Zilizoanza na meta ndizo za mwanzo.

Iko pia saa ambayo ingemfaa kila dereva wa Tunduma, yaani Rolex GMT-Master, iliyobuniwa katikati ya miaka ya hamsini kwa ajili ya marubani wa shirika la ndege la Pan American. Ina mshale wa nne unaozunguka mara moja tu kwa siku, hata mtu aweze kusoma saa za nchi mbili kwa pamoja. Uso wake wa kwanza ulikuwa mweusi wa kung'aa kama kioo, wenye maandishi ya dhahabu. Baadaye, katikati ya miaka ya sitini na kuendelea, ukawa mweusi mkavu wenye maandishi meupe. Hata hao weusi wakavu wamegawanywa koo mbalimbali kwa urefu wa vijistari vya herufi E.

Huko Omani, ambako Kiswahili husikika katika nyumba nyingi za Maskati kwa sababu ya jamaa waliotoka Zanzibar na pwani yetu, Sultani Qaboos, aliyetawala tangu mwaka 1970 hadi alipofariki mwaka 2020, alikuwa akiwatunukia watu waliomtumikia saa za Rolex zenye picha ya jambia la nembo ya nchi yake usoni. Alama ile ndogo, pengine ya rangi nyekundu, imekuwa na thamani kuliko dhahabu ya kasha. Marekani nako kampuni ya kuuza piza ya Domino's iliwapa mameneja wake saa za Rolex zenye nembo ya duka usoni, na leo zina wapenzi wake. (Waganda wametushinda wote: huko rolex ni chapati iliyoviringishwa na mayai, nayo haina haja ya kukaguliwa kwa kikuzio.)

Kilele kilifikiwa mwaka 2017 mjini New York. Rolex Daytona iliyokuwa ya mchezaji wa sinema Paul Newman iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 17.7. Jina la mwenyewe lilichangia sehemu kubwa, lakini aina ile ya uso, yenye viuso vitatu vidogo na alama zilizomalizikia kwa vijiboksi vya mraba, ilikuwa imekwisha kupewa jina lake miaka mingi kabla ya mnada. Ilipokuwa mpya dukani haikupendwa.

Sasa turudi kwenye rangi ya buni. Baadhi ya nyuso nyeusi za miaka ya hamsini na sitini zilipakwa rangi isiyovumilia jua. Zikikaa miaka mingi katika nchi za joto na mwanga mkali, hugeuka taratibu kuwa kahawia. Wakusanyaji huita nyuso hizo kwa jina la ukanda wetu huu wa tropiki, na huzilipia zaidi kuliko zilizobaki nyeusi, mradi mgeuko uwe sawasawa na kazi iwe ya jua lenyewe. Kile ambacho mnunuzi wa kwenye kigoda alikiita kuungua ndicho alichokitaka.

Lakini usidhani, msomaji, kwamba kila kahawia ni mali. Mwaka 2021 mjini Geneva saa ya Omega Speedmaster ya mwaka 1957, yenye uso wa kahawia, iliuzwa mnadani kwa zaidi ya faranga za Uswisi milioni tatu. Aliyeinunua alikuwa Omega mwenyewe, kwa ajili ya jumba lake la makumbusho. Mwaka 2023 Omega ikatangaza kwamba saa ile iliungwa kwa vipande vilivyokusanywa huku na huku, na kwamba watu waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Basi ikiwa mama aliyemzaa mtoto ameuziwa mtoto wa bandia akamlea, mimi na kijana wa kubadilisha fedha ni nani?

Mzee hakumjibu mnunuzi. Alimwomba mama ruhusa, akaipokea saa, akaifungua nyuma, kisha mbele, akaitazama kwa kikuzio muda ule ule alioitazama yangu. Halafu akamwita kijana, bwana harusi mtarajiwa, akamkabidhi kikuzio. Niliona kwamba ndiyo desturi yake: hasemi kabla mwenye mali hajaona.

“Unaona maandishi?”

“Nayaona, babu. Ni madogo sana.”

“Yamevimba?”

“Hapana.”

“Mistari ya dakika inakutana na vijiti?”

Kijana alihesabu yote kumi na miwili. Inakutana.

“Mama,” mzee akasema, “uso huu haujaguswa na mtu. Mimi sijui utauzwa kwa bei gani, wala sitakudanganya kwamba una milioni humu. Najua tu kwamba nikiupaka rangi leo utakuwa kama wa huyu mwandishi.” Akanielekezea kidole bila haya. “Nitaitia mafuta na kuifunga mkanda. Uso siuwekei hata pamba.”

Mnunuzi akapandisha bei mpaka laki mbili na nusu. Sijui angefika wapi, kwa sababu mama alikwisha kuifunga saa tena katika fundo la khanga, kabla hata ya kutiwa mafuta, na ilibidi mzee amwombe aifungue. Mtu yule aliondoka akijifanya kusikiliza simu.

Yako mambo mawili zaidi ambayo mzee alinisisitizia niyaandike kwa faida ya wenye nyumba. La kwanza ni ile rangi ya kung'aa gizani iliyo juu ya mishale na namba. Katika saa za kabla ya miaka ya sitini ilikuwa na radiamu ndani yake. Wasichana waliopaka rangi hiyo viwandani huko Marekani, kuanzia mwaka 1917, walikuwa wakiichonga ncha ya brashi kwa midomo yao, na wengi wao waliugua mataya na mifupa wakafa. Mwanga wa rangi hiyo hufifia baada ya miaka, lakini radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Saa ikifungwa na kioo chake haina hatari kubwa kwa mvaaji. Hatari ipo kwa anayeikwangua, akavuta vumbi lake au kulila. Usimpe mtoto saa iliyovunjika kioo aichezee, wala usimruhusu fundi kuikwangua mishale mezani pako. Radiamu ilifuatiwa na tritiamu, ambayo hupungua nusu kwa miaka kumi na miwili hivi, na nyuso nyingi za wakati huo zina herufi T ndogo pande zote mbili za jina la Uswisi kule chini. Kwa hiyo ukiuziwa saa ya mwaka 1970 na ukaikuta inawaka usiku kucha kama taa ya kanisani, ujue rangi yake si ya mwaka 1970.

La pili lilitokana na mimi kujisifu. Nilimwambia kwamba siku moja kabla nilikuwa nimekwenda Ndolezi, wilayani Mbozi, kukiona kimondo. Wasomaji waliosafiri huko wanakifahamu: kipande cha chuma kilichoanguka kutoka angani, urefu wake kama meta tatu, uzito unaokadiriwa kati ya tani 12 na 16. Wenyeji walikijua tangu zamani. Wageni walikiandika mwaka 1930. Kilikuwa kimezama ardhini, ikachimbwa pande zote hata kikabaki kimesimama juu ya nguzo ya udongo iliyoimarishwa kwa saruji. Kwenye ncha moja pana makovu ya misumeno ya watu waliotaka kumbukumbu. Sehemu tisa katika kumi ni chuma, na karibu yote iliyobaki ni nikeli.

“Hicho nacho ni uso wa saa,” mzee akasema, nikadhani anatania.

Hakutania. Vimondo vya chuma vya aina nyingi vikikatwa, vikasuguliwa na kupakwa tindikali, huonyesha mistari inayopishana kama mkeka uliosukwa na mtu mwenye haraka. Mistari hiyo ilifanyika chuma na nikeli vilipopoa polepole mno angani, kwa muda wa mamilioni ya miaka, wala hakuna kiwanda duniani kinachoweza kuungoja muda huo. Rolex na watengenezaji wengine wa saa za fahari hukata vipande vyembamba vya kimondo na kuvifanya nyuso za saa. Kinachotumika sana ni kile cha Gibeon, cha huko Namibia. Hakuna nyuso mbili zinazofanana. Ndiyo maana bandia hutambulikana kwa urahisi: mchoro wake umechapwa, na ukiziweka saa mbili pamoja utaona mkeka ni ule ule, uzi kwa uzi. Nilipokuwa Ndolezi nilikipapasa kimondo nikafikiria uzito wake tu. Sikufikiria kwamba pana mtu Geneva ambaye angelipa fedha nyingi kwa kipande cha unene wa ukucha.

Jioni ilikuwa inaingia. Kwenye ukuta wa kibanda saa moja ilisema ni kumi na moja na nyingine ikasema ni kumi. Mzee alinirudishia saa ya baba, kichwa chake sasa kinavutika kama siagi. Nikamwuliza kama uso wa asili waweza kupatikana. Badala ya kujibu alivuta droo akatoa makopo ya dawa ya viatu, manane au tisa, akayafungua moja moja. Ndani yake zilikuwamo nyuso za saa tupu, zisizo na mishale, zimepangwa juu ya pamba: nyeupe, nyeusi, za fedha, zilizokula kutu, zilizopasuka. Alisema amezikusanya kwa zaidi ya miaka thelathini, kutoka saa zilizokufa za madereva, walimu, wafanyakazi wa reli. Tulizitazama zote chini ya taa. Zilikuwamo Omega tatu. Moja ilikuwa kubwa mno. Moja ilikuwa na namba za kuandikwa badala ya vijiti. Ya tatu ilikaribia, nami moyo ulinidunda, mpaka mzee alipoigeuza na kunionyesha kwamba vile vijiguu viwili vya shaba nyuma yake vilikaa mahali pengine kabisa.

“Wa baba yako upo,” akasema. “Watu hawatupi uso wa Omega. Yule fundi wako anao, au alimwuzia mwenzake. Ulikuwa na doa wapi?”

“Karibu na nne.”

Alichukua kalamu, akaandika juu ya kifuniko cha kopo moja: Seamaster, weupe wa chai, doa saa kumi. Chini yake akaandika namba yangu ya simu. Kisha akanikumbusha kwamba basi la Mbeya linaondoka kwa saa ya huku.